Mkamwana Wetu Yumo Chumba cha Upasuaji

Mama Gwamaka,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, hapa Mbeya mjini. Mkamwana wetu ameingizwa chumba cha upasuaji na mlango umefungwa. Mume wake yuko njiani kutoka Kilolo; mara ya mwisho simu yake ilipopatikana, alikuwa hajafika hata Mafinga. Niko peke yangu, mke wangu, nami nina hofu nisiyojua niiweke wapi.

Tangu ulipotutoka, nyumba yetu ya Uyole imekuwa nyumba ya watu wawili wasioonana. Unajua tulivyolelewa sisi Wanyakyusa: mkamwana hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mkamwana. Wengi wameiacha desturi hiyo. Sisi hatukuiacha. Ulipokuwapo haikuwa na uzito, kwa kuwa wewe ulisimama katikati, ukileta sahani huku na kupeleka salamu kule. "Mmenifanya posta," ulikuwa ukisema, "tena posta isiyo na likizo!" Sasa yeye huweka chakula kwenye kigoda nje ya chumba changu, hupiga makofi, kisha huondoka. Mimi hukohoa kabla ya kutokea uani.

Nilianza kusikia kandambili yake ya kushoto ikiburuzwa. Nikadhani imekatika. Kisha nikamsikia akisimama katikati ya uani, akipumua kama aliyepanda mlima. Wewe ungemwuliza papo hapo. Mimi nilimpigia simu Gwamaka huko anakopanda miti, Gwamaka akampigia mkewe, mkewe akasema ni uchovu wa kuvuna viazi, na jibu hilo likanirudia kwa njia ileile ndefu. Sikuridhika nalo.

Zahanati walimpa dawa ya kuchua. Miguu ikazidi kufa ganzi. Hapo Gwamaka alikuja, tukamleta hapa, akapigwa picha ya MRI.

"Ni kauvimbe ka maji tu, mzee," daktari alituambia. Sikumsahihisha Kiswahili chake, ungenishangaa. Alieleza kwamba kifuko chenye maji kimeota ndani ya uti wa mgongo, kiunoni, si kikubwa kuliko harage, nacho kinabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Vingi vya aina hiyo havidhuru, huachwa vilivyo. Hiki ni cha kuondolewa. Akampangia siku ya upasuaji, kisha akatuonya: akishindwa kukojoa, au akifa ganzi sehemu anazokalia, aletwe saa hiyohiyo bila kungoja siku aliyopangiwa, kwa maana mishipa ikibanwa mno huenda isipone tena.

Gwamaka akarudi kazini. Mimi nikabaki na onyo lile. Ni nani angemwuliza habari za haja ndogo? Mimi? Nilikuwa nikisikia mlango wa choo ukifunguliwa natega sikio, kisha naona haya, najifanya nasoma.

Leo mchana makofi hayakupigwa. Nilisikia sauti nyuma ya mlango, karibu na sakafu.

"Baba, samahani. Tangu asubuhi nimeshindwa kwenda haja ndogo. Na hapa nilipokaa... sihisi kitu, Baba."

Mama Gwamaka, sijui alipata wapi nguvu ya kunitamkia hayo. Nilifungua mlango. Alikuwa ameketi chini, amejifunika kitenge usoni. Nikamwita dereva wa bajaji aliyekuwa barabarani. "Mzee, shika huko, mimi nashika huku," akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida. Nikashika. Njia nzima alilia: "Baba, unisamehe." Nikamwambia, "Umefanya vema, mwanangu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia ana kwa ana tangu alipoolewa kwetu.

Daktari amesema tumewahi. Nilipomwuliza kama atatembea, alisema tusubiri. Ametumia neno hilo zaidi ya mara moja, nami silipendi. Watafungua mgongo, watakitoa kifuko. Mishipa itajibu yenyewe, polepole, au haitajibu.

Muuguzi amekuja sasa hivi. Anasema mgonjwa akitolewa, ndugu akae kando ya kitanda, na kila atakapoamka amwulize: anahisi vidole? Anahisi akiguswa nyayo? Ganzi imepungua? Akaangaza macho kwenye benchi. "Yuko wapi mama yake? Au wifi?"

Nikamjibu kwamba nipo mimi, baba mkwe wake.

"Babu," akasema, naye ni wa kwetu, anajua, "utaweza kweli?"

Ningekuwa nawe ningekutuma. Hupo, na Gwamaka bado yuko mbali. Wazee wenzangu watasema watakayosema, nami nitawajibu nikiwa na nafasi.

Pumzika, mke wangu. Kazi uliyoiacha nimeipokea. Nakuahidi hivi: akifumbua macho, nitavuta kiti karibu, nitamtazama usoni, nami nitamwuliza yote aliyoagiza muuguzi, moja baada ya jingine, kwa kinywa changu mwenyewe.

Mumeo