Kijiti cha Mchungwa kwa Mtoto wa Jirani

Baba yangu,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini mtoto uliyemlea wewe hawezi kuingia kwenye maneno bila salamu. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu Wembley, chai imeshapoa, na nina jambo ambalo nataka ulisikie kwangu mimi mwenyewe. Kile kijiti chako cha mchungwa nimekitoa. Nimempa mtoto wa jirani, na mtoto mwenyewe ni Myahudi.

Usinune kwanza. Ngoja nikusimulie.

Unakumbuka ulivyokichonga? Ule mchungwa wa uani kwetu Tanga uligoma kuzaa mpaka Mama akachoka nao, akaamuru ukatwe. Wewe ukaokota tawi moja, ukakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kisu kidogo, ukalichonga mpaka likawa jembamba kama kalamu, ncha yake laini isiyoweza kukwaruza karatasi. Wanafunzi wako wote wa chuo cha Kurani walisomea vijiti vya ukuti, vinavyovunjika kabla Ijumaa haijafika. Mimi peke yangu nilipewa cha mchungwa, kwa sababu nilihitimu msahafu kabla ya Kaka Hamisi, na wewe kumsifu mtoto kwa mdomo ulikuwa huwezi. Ulinikabidhi bila kuniangalia usoni. Nililala nacho chini ya mto.

Sheria yako ya kwanza pale chuoni haikuwa ya matamshi, ilikuwa ya vidole. Tulikuja asubuhi tumetoka kula maandazi, na wewe umesimama mlangoni unatukagua. "Kidole cha maandazi hakigusi maneno ya Mungu," ulisema. Basi tukafuatisha herufi kwa vijiti, na mimi nikikaribia mahali pagumu nilikitafuna changu kwa upande wa juu. Ulinikuta siku moja. "Hicho ni kijiti cha kusomea, si mua." Alama za meno yangu hazikutoka tena. Siku naondoka kuja huku ulikitia katikati ya msahafu wangu, ukaniambia nisije nikasoma kwa kidole ugenini. Hapa London sikuwa na kitu kingine chako. Ulipofariki sikuwahi mazishi, Baba, na siku ile nzima nilikuwa nacho mkononi, maana sikuwa na kingine cha kushika.

Sasa nikueleze kuhusu jirani. Nyumba zetu hapa zimegandana, ukuta mmoja familia mbili. Upande wa pili anaishi Dina na mwanawe Asher, na tumekuwa majirani tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa. Nilipompelekea sambusa siku za mwanzo, Dina alinieleza kwa aibu kwamba wao hawali chakula cha jiko lisilofuata sheria zao. Nikacheka, nikamwonyesha jinsi mimi mwenyewe ninavyochunguza pakiti za biskuti dukani kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Tangu hapo tunapeana matunda mazima, kwa juu ya uzio.

Mwaka huu Asher ametimiza miaka kumi na mitatu. Kwao mvulana akifika umri huo anakuwa mtu mzima mbele ya sheria ya Mungu, na Sabato moja anaitwa asome Taurati kwa sauti mbele ya sinagogi zima. Wanaiita bar mitzvah. Mimi kabla sijaambiwa nilikwishasikia. Kila jioni nikiosha vyombo, sauti ilipenya ukutani: mtoto anasoma kwa mahadhi, anafika mahali, anajikwaa, anaanza upya. Mara ya kwanza niliacha bomba likimwagika. Sikujua hata neno moja, lakini nilijua kabisa kinachofanyika ndani ya chumba kile. Kilikuwa chuo, Baba. Zilipopita wiki kadhaa niliyajua yale mahadhi hata nikawa nabana pumzi kila akikaribia pale pa kujikwaa. "Rudi," nilijikuta nasema peke yangu, tena kwa sauti yako.

Kadi ya mwaliko ilipokuja nikaanza kuhangaika na zawadi. Mwenye duka mmoja hapa mtaani, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, alinishauri kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Dada, mtoto wa siku hizi mpe kitu chenye chaji." Salma, mjukuu wako, hakunyanyua hata macho kwenye simu. "Just get him a voucher, Mama," yaani kadi ya kununulia vitu dukani. Nilishika saa, nikairudisha. Nilishika kalamu iliyolazwa kwenye kisanduku cha mahameli, nikairudisha. Vilikuwa vitu vizuri, lakini ungeweza kumpa mvulana yeyote, na mimi nilikuwa namtafutia huyu niliyemsikia ukutani.

Jumapili moja nikapeleka maembe. Asher alikuwa mezani na karatasi yake, kidole kinatembea chini ya mstari. Dina akasema hapo nyumbani si kitu, ila kule sinagogini kidole hakitaruhusiwa. Taurati yao ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na ngozi ile haiguswi. Msomaji anafuatisha kwa kijiti. Sinagogi lina cha fedha, Asher akaongeza, lakini ni kizito, mkono unamtetemeka, jicho linaruka mstari. Na gombo lenyewe halina irabu hata moja. Ni herufi tupu, mahadhi yote lazima uwe nayo kichwani.

"Hamgusi kabisa kwa kidole?" nikamuuliza.

"Hakuna anayegusa, Auntie. Hata rabi."

Niliweka maembe mezani, nikakaa bila kukaribishwa. Miaka yote hiyo nilidhani ile sheria ni yako, kwamba uliitunga kwa sababu ya maandazi.

Nikarudi kwangu, nikafungua droo. Salma alinikuta nimekishika, nikamweleza ninachofikiria. "Mama, it's literally a stick," alisema, yaani ni kijiti tu, lakini nilipompa akishike alikaa nacho muda mrefu kabla ya kukiachia. Kisha nikampigia Kaka Hamisi.

"Kijiti cha Baba," akasema. "Kwa Myahudi. Na dunia ilivyo sasa hivi."

"Ni mtoto, Kaka. Tena anasoma."

"Sawa. Na Baba angesemaje?"

Kwa siku kadhaa sikuwa na raha. Kingekuwa kitu kingine, ningeweza kukitoa na kujitetea. Kwa hiki nilitaka radhi zako, nawe hupo wa kuulizwa. Nikaogopa, Baba. Niliogopa kwamba natoa kitu kisichokuwa changu, na kwamba nikishakitoa nitakuwa nimebaki bila wewe kabisa.

Kilichonisaidia ni ile asubuhi tuliyotoka sokoni wawili, mimi nimebeba nazi, wewe una kikapu cha samaki. Tulipita dirisha la kanisa. Ndani mtoto alikuwa anasoma kwa sauti, amekwama kwenye neno moja, analirudia na kulirudia. Ukasimama. Jua lile, samaki wale, na wewe umesimama njiani mpaka yule mtoto akalivuka neno lake, ndipo ukaendelea na safari. Nikakuuliza alikuwa anasoma nini.

"Sijui," ulisema. "Lakini amefika."

Mama alilalamika samaki wameharibika. Wewe uliwala hivyo hivyo.

Nikakipeleka, wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Dina alifunika mdomo kwa mkono, kisha akasema lazima amuulize kwanza rabi, mwalimu wao wa dini. Rabi alitaka kujua tu kijiti hicho kilikuwa kinafanya kazi gani. Akaambiwa ni cha kusomea maandiko. "Basi hakibadilishi kazi," akajibu. Asher naye alikigeuzageuza mpaka akaona upande wa juu. "Nani alikitafuna?" Nikamwambia ni mimi, nilipokuwa mdogo kuliko yeye. Alifurahia hilo kuliko kijiti chenyewe.

Siku ya Sabato nilikwenda kwa miguu, mikono mitupu, maana Dina alinionya kwamba siku hiyo zawadi hazipokelewi. Kijiti kilikuwa kimeshatangulia. Mlinzi mlangoni aliutazama mtandio wangu, akauliza jina, kisha uso ukamfunguka. "Ah, wewe ndiye wa kijiti." Wanawake tulikaa juu, kama kwetu. Chini wanaume wamevaa kofia na mashali meupe, na gombo lilipotolewa kabatini wote wakasimama, likapitishwa katikati yao, nao wakaligusa kwa ncha ya shali na kuibusu ile ncha. Sijaona karatasi wala ngozi ikipokelewa hivyo, isipokuwa na wewe ulipokuwa ukiuteremsha msahafu rafuni.

Asher akapanda jukwaani. Alionekana mdogo mno. Kisha nikaona mkono wake ukitoka kwenye shali, na ndani ya mkono ule kijiti chako, Baba, kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyosoma sisi. Sijui nikueleze vipi. Nilikitazama na nikahisi nimeshikwa shingoni na kitu kikubwa kuliko mimi. Mtoto anasoma maneno ambayo watu wameyabeba vifuani tangu zamani zisizohesabika, hakuna aliyethubutu kuyagusa kwa kidole, na sasa yanafuatishwa kwa tawi la mti wetu uliokataa kuzaa.

Akakaribia pale mahali. Nikabana pumzi. Akajikwaa.

Papo hapo wanaume kadhaa wakamsahihisha kwa pamoja, kwa sauti, bila ukali. Kijiti kikasimama. Kikarudi nyuma herufi chache, kikaanza tena taratibu, na safari hii mtoto akapanda na mahadhi yake, akashuka nayo, akapita.

"Amefika," nikasema. Dina hakulijua neno hilo, lakini alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma.

Alipomaliza, wanawake walimrushia peremende kutoka juu. Ndiyo desturi yao. Dina alikuwa amenipa mfuko wangu wa peremende tulipoketi, akaninong'oneza kwamba ni halali kwao na kwetu. Nikarusha kwa nguvu zangu zote. Moja ilimpata rabi kwenye bega. Ningependa uamini ilikuwa bahati mbaya.

Jioni nikampigia Kaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye aliuliza moja tu: "Alisoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Haya," akasema. Halafu akaniuliza hali ya Salma, na nikasikia anavuta pua.

Jana Asher alikuja kunishukuru, kijiti mfukoni, uso wa mtu mwenye kesi. "Auntie, samahani," akasema, akanionyesha upande wa juu. Kando ya alama za meno yangu kuna alama nyingine sasa, mpya, za kina, zimekwenda kombo kwa sababu mtoto ana vyuma vya kunyooshea meno. Amekitafuna wiki zote mbili, kila akifika pale mahali.

Lile neno lako la mua lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nikashindwa kulitoa. Nilicheka, kicheko kikageuka kilio, na mtoto wa watu akabaki ananitazama hajui akimbie au aniletee maji.

Nipe radhi zako, Baba. Na ukisikia huko uliko kwamba mchungwa wako unatafunwa tena, usimkemee. Ujue amefika mahali pagumu.

Ni mimi binti yako wa mwisho,
mtafuna vijiti