Mkono Begani mwa Mama

Dada yangu mpendwa,

Sisi wazima, ila hii tovuti yangu ya picha inaniumiza kichwa. Tafadhali usiniulize tena kwa nini nisirushe picha zangu mitandaoni kama watu wengine. Miaka sita nimerusha kama watu wengine! Kila picha naikata iwe mraba ndipo ikae vizuri, halafu inabanwa kati ya tangazo la sabuni na video ya paka. Nimechoka. Nataka mahali pangu, picha zikae na upana wake.

Fundi wa kompyuta aliniahidi wiki moja; huu mwezi wa tatu. Nikimpigia, "Niko njiani, bosi." Njiani kwenda wapi, na kazi yenyewe iko kwenye kompyuta? Basi najifunza mwenyewe. Jana menyu ilikuwa juu, leo imehamia chini, na wala sijaigusa. Mama anasema nagombana na kioo.

Sasa usinikasirikie. Ile picha ya baba unayoniomba tangu mazishi, sina. Simu ilipojaa nilifuta picha nzima, nikijua ile ya mraba iko mtandaoni. Humo mama yupo, wewe upo. Baba alisimama pembeni. Umebaki mkono wake tu, begani mwa mama.

Lakini siku unaondoka nilikusafishia nakala ya karatasi, picha nzima. Huenda umesahau; itafute kwenye mizigo yako, nakuomba. Ukurasa wa kwanza wa tovuti nimeuachia nafasi upande wa kushoto, upana wa mtu mmoja.

Mdogo wako,
mkata picha