Gauni Lisilojua Kukaa

Jumatano, 5 Machi
Dada kapata kazi. Ofisini, ghorofa ya nne, mapokezi — yaani ataketi pale mlangoni kabisa, kila anayeingia aanze kumwona yeye. Majaribio miezi mitatu. Wakimpenda atabaki. Wasipompenda atarudi nyumbani kunigombeza mimi kutwa. Kwa hiyo jambo hili linanihusu.

Anataka gauni la ofisini. La kupendeza, lakini limwache apumue — maneno yake. Shangazi kazama kwenye sare za shule za mtaa mzima, hana nafasi. Nikasema niachieni mimi. Shangazi akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Tangu nije dukani kwake kazi yangu ni pasi. Hata jina ndilo hilo: Pasi, njoo. Pasi, fagia. Mkasi mkubwa unaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake kama picha ya marehemu babu, haruhusiwi mtu kuugusa. Leo kautungua. Kasema ananiazima kwa gauni moja tu. Likipendwa ofisini, mkasi nitashika siku zote na ataniita fundi mbele ya watu. Likiharibika, nitapiga pasi mpaka nitakapooa. Na nani atakubali kuolewa na mtu anayenuka mvuke?

Fundi. Nimelitamka peke yangu chooni. Linanifaa.

Alhamisi, 6 Machi
Tumechagua kitambaa. Dada kaja na picha kwenye simu, wanawake wembamba wameegemea magari. Nikamwuliza, ofisi yenu ina magari ndani? Kanipiga kibao cha kisogo.

Alitaka nailoni inayong'aa. Nikamwambia dada, hiyo saa nne asubuhi itakuwa imekuchemsha kama kiazi. Akataka nyeupe. Nikamwambia wewe na chai hamjawahi kuelewana. Tukaishia pamba laini, rangi ya bluu iliyoiva, mikono inayofika kwenye viwiko, urefu wa chini kidogo ya magoti. Shule niliiacha — tuseme tuliachana kwa amani — lakini hili nalijua: gauni la ofisini lina kazi mbili. Limfanye mtu aonekane ana akili, halafu limpe hewa ya kuitumia hiyo akili.

Shangazi alikuwa anasikiliza. Hakusema kitu. Kwa Shangazi huko ni kusifu.

Jumamosi, 8 Machi
Dada yuko kwenye mafunzo ya kazi, hana muda wa kuja kupimwa tena na tena. Sina shida. Ninaye Bibi Kimya. Ni sanamu letu la dirishani, halina kichwa wala mikono, ila kiuno chake na cha dada ni kimoja, nimepima mwenyewe. Mteja bora duniani. Hachezicheze, hasemi mbona hapa pananibana, haleti shoga yake wa kumshauri.

Nimelibana gauni likamfuata Bibi Kimya mwili mzima kama maji. Mpasuo wa nyuma sikuweka — unaharibu mstari. Shangazi kapita, kauliza mpasuo uko wapi. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Kasema haya.

Jumapili, 9 Machi
Dada kalijaribu dukani. Kasimama mbele ya kioo, kageuka, kageuka tena. Halafu kaniita mdogo wangu, jina ambalo mara ya mwisho kulitumia nilikuwa na homa. Hata Shangazi alivua miwani. Gauni limemchukua vizuri mno, Bibi Kimya mwenyewe angeona wivu kama angekuwa na macho.

Kesho ofisini. Mkasi usiku wa leo nimeulaza karibu yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Dada karudi. Kaingia kwa hatua fupifupi kama anayebeba mayai. Sikupata hata salamu. Kasema, we mjinga, kaa. Nikakaa. Kasema, umeona ulivyokaa? Basi mimi sijafanya hivyo tangu asubuhi.

Gauni halikai kitini. Akikunja magoti linapanda juu na pumzi inashuka chini. Mtu wa mapokezi! Kasimama kutwa. Simu kapokea kasimama, wageni kawaandika kasimama, chakula cha mchana kala dirishani kama anayetazama mvua. Hata kwenye basi kasimama, mzee mmoja akamsifu kwamba amelelewa vizuri.

Nimefikiria sana. Kosa ni la Bibi Kimya. Tangu nimjue hajawahi kukaa.

Lakini sikiliza mwisho wake. Jioni bosi wao, wanamwita Mama Meneja, kakusanya watu, kawaonyesha dada. Kawaambia tazameni binti huyu, siku ya kwanza tu na hajagusa kiti, ninyi wengine mmeota mizizi vitini. Wakapiga makofi. Dada hakuweza hata kuinama kushukuru.

Kaniambia nikilitamka hili kwa Shangazi atanichoma na pasi yangu mwenyewe. Mimi nilitamke? Nina wazimu?

Jumanne, 11 Machi
Dada leo kavaa sketi yake ya zamani, pana, ya kukalia popote. Kafika, kavuta kiti — ofisi nzima ikamtazama. Karudisha kiti. Kasimama kutwa tena. Sasa hata sketi inasimama.

Gauni nimebaki nalo nilirekebishe. Ili nijue panapobana nikalivaa mimi. Shangazi alikuwa ameenda kununua nyuzi. Nikajaribu kukaa: mapaja kama yamefungwa kamba, tumbo likanipanda shingoni. Basi nimeelewa. Nikasikia mlango. Mama mmoja na mtoto wake, wamefuata sare. Zipu ikagoma. Nikasogea kando ya Bibi Kimya, nikatulia.

Yule mama kaita hodi, kasubiri. Mtoto kanitazama chini mpaka juu. Kasema mama, hili sanamu lina ndevu. Mama kasema acha uongo, mwanangu. Wakaondoka.

Ndevu! Angalau kuna mtu ameziona.

Jumatano, 12 Machi
Nimefumua pembeni kote, nikatoa kitambaa cha akiba kilichokuwa kimekunjwa ndani ya mshono, nikaongeza nafasi kwenye nyonga. Mpasuo nyuma nimeweka. Mfuko wa ubavuni pia, wa funguo. Nikaleta kiti. Dada kakaa. Kainuka, kakaa tena, kainama kufunga kiatu. Kasema sasa hili ndilo gauni.

Halafu uso ukamshuka. Kasema na nitakaa nalo wapi, wewe? Kule mimi ni yule asiyekaa.

Nikainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka.

Alhamisi, 13 Machi
Mama Meneja kaja dukani mwenyewe. Anataka gauni kama la dada. Kasema anahisi nguo ile inampa mtu ari ya kazi. Shangazi kanyanyua kichwa kama jogoo. Kapigilia msumari mpya upande wangu wa meza, katundika mkasi. Kasema Mama Meneja akiondoka na gauni lake ameridhika, ndipo ataniita lile jina.

Nitamkatia lenye nafasi, kimyakimya. Atakaa, atafurahi, nani atajua.

Jumamosi, 15 Machi
Saa tano. Amekuja kujaribu, kaandamana na dada. Mambo si mazuri. Kajitazama kiooni, kashika nyonga, kasema mbona linapwaya? La binti Jumatatu halikuwa hivi, lilikuwa limembana likamnyoosha. Nikamwambia mama, hili ni la kupumulia. Kasema kupumua nitapumua nyumbani. Shangazi kanikata jicho: fanya anachotaka mteja. Nikabana kwa pini kiuno kizima, nyonga nzima, mpasuo nikaufunga. Kang'aa. Kasema ndilo hasa. Dada alikuwa amegeukia ukutani.

Nimetumwa kisanduku kingine cha pini nyuma ya pazia. Ndiko ninakoandikia. Nikisema ukweli, itajulikana kwamba dada hakuwa na bidii, alikuwa amekwama. Nisiposema —

Shangazi anasema, karibu kiti, mama, miguu isichoke bure.

Nasikia kiti kinavutwa.

Dada kapiga kelele: mama, usikae!

Mama Meneja anauliza, nisikae kwa nini? Dada anaanza kukohoa. Sasa ni Shangazi, kwa sauti yake ya mbele ya watu, anaita huku kwenye pazia:

Fundi, hebu njoo umweleze mama.