Karani Hajiandiki

Dixon Road, Toronto
4 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Salaam alaikum. Mgongo unaendeleaje? Na mama, sukari imeshuka? Sisi wazima, ila mdogo anaota meno, na mimi usingizi nausikia kwa jirani.

Karatasi ya babu yako Akbar imefika. Binti yangu Zebunissa ataizungumzia kwenye senta ya mtaa, siku ya historia za familia. Anatamba kweli na huyo babu wa babu yake!

Lakini Baba, ulisema alikuwa kwenye kile chama kidogo cha wapenda maendeleo wa kusini, enzi Uajemi ndiyo kwanza imepata bunge. Mbona nimesomewa Kiajemi chake, kuna majina tisa na lake halimo?

Mwanao,
Mahjabeen

Tanga
11 Februari 2024

Mwanangu Mahjabeen,

Alaikum salaam. Mgongo ni uzee, usiuulize. Sukari muulize mama yako, anayekula halua kwa kujificha.

Babu alikuwa karani wa chama. Karani hajiandiki. Wakubwa waliwachukia wale watu, chama kikavunjwa, babu akatoroka kupitia bandari ya Bushehr akaja huku. Mpaka anakufa hakuwahi kuketi akaupa mlango mgongo. Ndivyo walivyomwinda.

Na nani huyo anayekusomea Kiajemi? Anataka nini? Karatasi zetu usizitembeze.

Baba yako

Toronto
25 Februari 2024

Baba yangu,

Salaam alaikum. Natumai mgongo umepoa.

Kanisomea Bibi Sughra wa ghorofa ya tisa, mzaliwa wa Shiraz. Hataki kitu, hata chai yangu aliikataa. Mwanzo alinitajia majina tu; juzi nikampa asome yote, tukiwa chini kwenye mashine za kufulia. Alisoma mara mbili, akanirudishia. "Mwanangu, hii usimpe mtoto."

Juu imeandikwa: kwa Mheshimiwa Gavana. Kisha kila jina na maneno yake. Huyu hulala kwa shemeji yake. Yule wa nne hutokea mlango wa nyuma.

Baba, karani gani wa chama huandika wenzake hutokea mlango gani?

Ulijua? Niambie tu. Sina hasira, nimechoka. Ila mwanangu hatasimama mbele za watu akasema uongo.

Mahjabeen

Toronto
10 Machi 2024

Baba,

Salaam. Wiki mbili kimya. Mama anasema unakula na unanuna, basi najua umesoma.

Siku yenyewe ni Jumapili ijayo. Nimeamua: Zebunissa atasoma majina tisa, basi. La babu hatalitaja.

Nakupenda. Sibadilishi.

Mwanao

Tanga
14 Machi 2024

Mahjabeen, mwanangu,

Alaikum salaam. Wabusu watoto.

Baba yangu aliponipa ile karatasi aliniambia nisiitafutie msomaji. Nikatii miaka arobaini. Mtu hatii hivyo asipokuwa anajua. Mjukuu aliponiomba babu wa kujivunia, moyo ukanidanganya kwamba hakuna atakayesoma.

Na ule mlango, sasa nauelewa. Babu hakuwaogopa maadui wa chama. Aliwaogopa wale tisa.

Basi usimwambie mtoto asome tisa. Asome kumi. Na akifika la kumi aseme: huyu ndiye aliyewauza, na ni wa kwetu.

Baba yako