Makinda Tisa Walioona Mbingu

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na nyumba yote ya Murara. Mgongo unasemaje? Na maji mnapata, au bado mnateka ziwani kule Kituku? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Papa. Nikikaa kuvua buti, nasinzia na buti moja mguuni.

Najua unasubiri jibu la chumba. Ujumbe wako ulinifikia meli mbili zilizopita: kwamba tangu kambi za wakimbizi za Mugunga zivunjwe, Mama Furaha wa Masisi analala na watoto wake watatu kwenye baraza letu, na unaomba ruhusa ya kufungua chumba changu. Sikujibu kwa sababu nilikasirika. Nilisema moyoni, basi, wamenihesabu kama mtu asiyerudi. Jibu nitakupa, lakini kwanza nikueleze kosa nililofanya huku.

Unaulizaga ni kazi gani hii, mtu aliyesoma kwenda kulisha ndege katikati ya bahari. Ndege wenyewe ni weusi, ukubwa wa njiwa, na duniani kote wanazaa kwenye kisiwa hiki tu. Zamani hapakuwa na mnyama wa kuwala, basi hawakujifunza kuogopa. Wanataga ndani ya mashimo ardhini. Kisha meli zikaleta panya. Panya anamla kinda akiwa hai, naye kinda ametulia tu, hajui kwamba huyu ni adui. Kisiwa ni kikubwa, majabali matupu, panya hatuwezi kuwamaliza. Kwa hiyo tunahamisha makinda, tunawapeleka kisiwa kingine kidogo kisicho na panya.

Lakini kuna sharti. Kinda hukulia gizani, ndani ya shimo. Akitoka mara ya kwanza na kuangalia mbingu, anapashika kichwani mahali pale. Ataruka, atakaa baharini miaka bila kukanyaga nchi kavu, na siku ya kuzaa atarudi palepale alipotazama juu. Ukimhamisha kabla hajaona, atarudi ulikompeleka. Ukichelewa, atarudi huku kwa panya.

Sasa sikia. Wiki ya mwisho ya kuhamisha, asubuhi nikichemsha chai, ardhi ilitetemeka, mlio ukaja kutoka chini. Mtu wa Goma, wa chini ya volkano, unamjua. Nilinyakua begi langu, lile ninaloweka mlangoni hata huku, lenye diplome na sweta, nikatoka nikipiga kelele: "Volkano! Mutoke! Mutoke!" Wenzangu wakanitazama, vikombe mkononi. Nilipoona hawatoki, nikakumbuka mashimo tisa ya zamu yangu, ambayo makinda wake walikuwa bado hawajahamishwa. Wewe ndiye ulitufundisha: mlima ukitetemeka, beba kwanza asiyeweza kukimbia. Nikavuta makinda wote tisa, nikawajaza kwenye beseni, nikapanda nao kilimani mchana kweupe, beseni wazi.

Kumbe jabali la pwani limeangukia baharini. Huku volkano hakuna hata ya dawa.

Mkubwa wetu wa kazi, Monsieur Antoine, mzee wa Shelisheli, alinikuta juu nimekumbatia beseni. Akavua koti lake akawafunika, lakini walikuwa wameshanyoosha shingo na kuona. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, kwa Kifaransa chake cha taratibu, kwetu tunakimbia hivi mara ngapi. Nikalia.

Wengine walihamishwa. Wale tisa tuliwarudisha kwenye mashimo yao, na mimi kila siku nazunguka na mitego ya panya. Mmoja ameliwa. Saba wameruka salama, amebaki mmoja. Watarudi hapa hapa kuzaa, Papa, na hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Nikitega mitego nakumbuka ugomvi wetu wa simu, siku wale wenye silaha walipoingia mjini. Nilikulilia uvuke mpaka, uende Kampala kwa dada Masika. Ukanijibu: "Mi sitoki apa. Volkano ilikuya, tukajenga. Sasa bale ba masasi nabo bamekuya. Kampala mi fundi nitafanya nini? Kule hata mawe yabo siyajui. Na weye usirudi. Bakia kwenye kuko amani." Nikakuita kichwa ngumu, nikakata simu. Nisamehe kwa neno lile.

Unakumbuka tuliporudi toka Sake tulikokimbilia, mimi mdogo, baada ya mlima kupasuka? Jiwe la volkano lilikuwa limefunika mtaa wetu, bado la moto, linatuchoma kupitia viatu. Hapakuwa na njia wala ua. Ulianzia kwenye pembe ya ukuta wa paroisse, kanisa letu, ukahesabu hatua zako hadi katikati ya jiwe jeusi, ukasimama na kusema, "Kitanda yetu iko apa chini." Ukajenga hapo hapo, kwa mawe yale yale. Mimi nilikuwa nimekushika koti, naangalia. Kwa hiyo sitakuambia tena utoke.

Wamenipa contrat ya miaka miwili mingine. Juzi nimemrudishia Monsieur Antoine bila kusaini. Sitakuficha, ninaogopa. Naogopa risasi, naogopa barabara, naogopa kukaa bila kazi. Lakini nimechoka kuwa salama peke yangu. Nangoja kinda wa mwisho aruke, kisha napanda meli itakayofuata. Ukinikatalia, kumbuka hiki kichwa nilikirithi kwa nani.

Mwambie Mama namwombea kila jioni. Nisalimie shangazi Kahindo, kama bado anauza samaki wake wa sambaza pale Kituku na kumtukana kila mnunuzi anayepunguza bei. Nisalimie pia jirani yetu fundi wa viatu.

Sasa chumba. Mpe Mama Furaha. Ufunguo wa kufuli uko pembeni ya dirisha la jiko, nyuma ya lile jiwe linalocheza, ambalo wewe fundi mkuu ulisahau kulitia simenti. Vitabu vyangu watoto wasome, wasivitie motoni tu. Na mimi nikifika, usimtoe mtu.

Nitalala sebuleni.

Binti yako,
Kavira