Dola au Kwacha

Jumatatu, 2 Juni
Dola elfu moja zimeingia kwenye kadi. Za macho ya Mama, yote mawili, kule kliniki ya Ndola, Zambia. Mtoto wa jicho amemfunika miaka sita. Hata hivyo noti iliyochanika haimpiti! Kabla sijazipeleka benki alizipapasa moja moja, akazitupa mbili kando. Leo nikampa kadi aishike. Akaipitia pembe zote nne. "Hii haipasuke," akasema. Kisha akauliza pesa zinakaa upande gani. Hata mimi nastaajabu.

Alhamisi, 5 Juni — Ndola
Jicho la kulia tayari. Dakika ishirini tu! Kwenye malipo, mashine ikaniuliza: dola au kwacha? Inauliza, kama mtu. Nikabonyeza dola bila kufikiri. Kwetu Lubumbashi kodi ya nyumba ni dola, friji dola, mahari dola.

Ijumaa, 6 Juni
Wamemfungua bandeji. Mama akanitazama usoni. "Deborah, ulishazeeka." Nimecheka huku nalia. Njiani alisoma kila kibao mpaka Kasumbalesa, mpakani, kwa sauti — alifundisha darasa la pili miaka thelathini. Abiria walichoka. Mimi sikuchoka.

Jumamosi, 14 Juni
Sylvain, mdogo wangu, ameangalia relevé ya kadi, ile orodha ya malipo. Jicho ni kwacha elfu kumi na mbili, yaani dola 480. Zimetoka 510! Akauliza nilichagua nini. Dola, si ndiyo pesa yetu? Akashika kichwa, akamfundisha dada yake mkubwa:

"Yaya, ukisema dola, ni mashini ya kule njo inachange, na inachange vibaya. Sema kwacha, banki yetu ichange."

Yaani mashine ya Ndola ikibadilisha pesa inajikatia bei yake. Benki nayo inakula asilimia mbili, hiyo kwa kadi hii haikwepeki. Zimebaki 490. Jicho la pili, nikilipa kwa kwacha: 489 na senti sitini. Kwa dola, halilipiki. Mfukoni kuna nauli tu. Na kwacha ikipanda kidogo, basi. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliulizwa na mashine, nikajibu kijinga. Sijamwambia Mama. Anasoma gazeti la mwaka jana, ukurasa kwa ukurasa, jicho moja.

Jumatano, 25 Juni — Ndola
Naandika kwenye benchi, mbele ya dirisha la malipo. Safari hii wanataka pesa kwanza.

Chilufya, dada wa dirishani, alitaka kunirahisishia: akabonyeza dola mwenyewe. Wakongomani wote wanataka dola, amesema. Mimi sikuona! Akanigeuzia mashine niweke namba ya siri. Kidole kilikuwa kimeshafika. Mama akainama, jicho lake zima karibu na kioo.

"Ngoja, Debo. Apa chini banaandika quatre pour cent. Ni ya nini?"

Asilimia nne ya kubadilisha pesa, kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Mimi na macho yangu mawili!

Chilufya amefuta, ameanza upya. Kwacha. Nimeweka namba. Mashine inatuambia tusubiri. Dakika ya tano sasa. Chilufya anasema ni mtandao. Labda. Au kwacha imepanda.

Nilitaka kusimama nikaangalie. Mama amenirudisha benchi kwa mkono. Amesema neno likitokea kwenye mashine, atalisoma yeye.