Kwa Nini Uliiacha Baiskeli Kavu, Baba?

Baba,

Sijui nianzie wapi. Wewe ulizoea kuanza kila jambo kwa maombi, lakini tangu tukuzike nikifumba macho naona mto tu. Kwa hivyo naandika macho yakiwa wazi.

Mama hajambo. Ila ameanza kubishana nawe kwa sauti akiwa jikoni, na sijui kama nimwache au nimwite mtu. Mvua iliyokuchukua ndiyo iliyotupa mbaazi nyingi kuliko wakati wowote tangu ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada. Kanisani watu wanaishukuru. Nasimama nao, nasema amina, halafu najiuliza nimesema amina kwa nini.

Nikueleze vile tulivyokupata, maana wewe hukuona. Baiskeli yako ilikuwa imeegemezwa kwenye mgunga, ng'ambo ya huku, juu kabisa ambapo maji hayafiki. Mkoba wa Biblia ulining'inia kwenye usukani. Koti lilikunjwa juu ya kiti. Viatu vilikuwa chini, soksi ndani yake. Kila kitu kikavu, Baba. Wewe ulipatikana mbali sana kule chini, mahali ambapo mto unaanza kutanuka.

Unajua watu. Mtu haanguki mtoni baada ya kukunja koti, ndivyo walivyosema. Hakuna aliyetamka lile neno mbele yetu, lakini siku ya mazishi mchungaji aliomba kwa ufupi mno, yeye ambaye hata chai huiombea mpaka ipoe. Mama aliona. Mimi pia niliona. Shuleni walimu wenzangu walikuwa wakinyamaza nikiingia ofisini, na siku moja sokoni Kitui nilimsikia mama mmoja asiyenijua akisimulia habari za mwinjilisti wa Zombe aliyejitupa majini. Nilinunua nyanya zake. Sijui kwa nini nilizinunua.

Lakini wewe ndiye uliyeujua mto! Hilo ndilo lililonivuruga akili. Nilipokuwa darasa la nne, bado naendesha baiskeli kwa kupitisha mguu chini ya chuma cha katikati, uliniambia, “Usiangalie mawingu ya hapa, mama. Angalia ya Kitui. Huu mto hupokea habari kutoka mbali.” Tulikuwa tukifika ukingoni, mchanga mkavu kabisa, jua kali, nawe unakataa tusivuke. Unatoa kitabu cha nyimbo, tunaimba, na baadaye maji yanakuja yakinguruma, mekundu, yamebeba miti. Ulikuwa unanitazama tu, hujisifu. Mtu kama huyo anaingiaje majini?

Na ulipenda kuishi. Nakumbuka safari yetu ya Makindu, nilipomaliza shule ya sekondari. Tulitoka Kitui kwa barabara ya changarawe, tukashuka mpaka mto Athi, tukabeba baiskeli mabegani kuvuka, halafu ile mipando ya Makueni isiyoisha. Ukisukuma, jasho linakutoka, bado unanionyesha: hapa ndipo babu zetu walipopita na pembe za ndovu wakielekea pwani, pale ndipo walipopumzikia. Nilikuuliza umejuaje. Ukasema, “Mahali pa kupumzika hapabadiliki. Magoti ni yale yale.” Makindu ukakataa kuingia hekalu la Makalasinga, ukisema sisi ni watu wa wokovu. Harufu ya dengu ikakufikia. Ukafunga kitambaa kichwani, ukakaa chini kama wengine, na mzee aliyekuwa akigawa chapati alipopita mara ya pili wewe ndiye uliyeinua mkono kwanza. Tukarudi kwa njia ya Salama, kwenye barabara kuu, ukalalamika njia nzima. “Lami ni ya watu wenye haraka.”

Basi shule zilipofungwa nilichukua baiskeli yako. Mama hakuniuliza naenda wapi. Aliniambia tu nikaze breki ya nyuma.

Nilianzia sokoni Zombe, kwa Mzee Hassan, yule rafiki yako wa ng'ombe na chai. Aliposikia swali langu aliacha kuhesabu mbuzi wake. Akaniambia, “Siku ile baba yako alikaa hapo ulipokaa. Alikunywa chai, akanicheka kuhusu ndevu zangu. Akaniomba nimwekee sufuria ile kubwa, ataipitia akirudi. Wewe ni mwalimu, niambie. Mtu wa kujiua anawekesha sufuria?” Sufuria bado iko pale kwenye rafu. Nilitoka kwake nimefurahi, na nilipofika kwenye mpando wa kwanza nikaanza kuwa na hasira nawe kuliko nilivyowahi kuwa. Kama hukutaka kufa, basi ulitaka nini?

Nilipanda njia yako yote. Nilipita yale makorongo yaliyochimbwa na mvua, ile miamba inayoteleza, mpaka kwenye kanisa la udongo kule juu ulikokuwa ukienda kuhubiri. Waumini wako walinipa uji, wakaniuliza mimi maswali niliyokuja kuwauliza wao. Nikageuza.

Kurudi, mto ulikuwa mkavu. Katikati ya mchanga palikuwa na mama anachota maji kwenye kisima cha kuchimba, kando yake punda mwenye mitungi. Nilishuka kuisukuma baiskeli mchangani. Aliinua kichwa, akaiona, akaketi pale pale kwenye maji.

“Hiyo ni yake,” akasema.

Anaitwa Kalekye. Alikuja kwenye mazishi yako, akasimama nyuma kabisa, akarudi kwake bila kusalimu mtu. Siku ile alikuwa mchangani na punda wake maji yalipofika. Yaliwazunguka pande zote mbili, wakabaki kwenye kisiwa kidogo kinachoyeyuka. Wewe ulikuwa ukingoni umeshaketi kusubiri, kama kawaida yako. Ulimwona.

“Alinipigia kelele nisisogee,” alinisimulia. “Akavua koti, akalikunja. Nilishangaa, mwalimu, mimi nakufa na yeye anakunja koti. Akavua viatu. Akaja. Alinishika kwa kanga, akanivuta mpaka huku, akaniambia nikae chini nipumue. Mimi nikamlilia punda wangu. Sikumwambia aende. Nililia tu. Akatazama nyuma, akasema, ‘Ala, hata huyo?’ Akarudi.”

Punda, Baba.

Wewe uliyesema punda aliumbwa jioni, Mungu akiwa amechoka. Wewe uliyekosana na jirani mwaka mzima kwa sababu punda wake alikula kola ya shati lako la Jumapili.

Nilimuuliza Kalekye kwa nini alinyamaza. Alisema watu wa mumewe walimkataza. Walisema familia ya marehemu itadai fidia ya damu yake, tena itasema ni mchawi. Halafu nikauliza lile lililobaki: na punda je?

Akaelekeza kwa mkono. Ndiye huyo huyo aliyekuwa pale na mitungi. Maji yalimpeleka chini kidogo, akajitoa mwenyewe. Jioni walimkuta akila majani.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Kalekye akaogopa na kusogea mbali. Halafu nikalia, halafu nikacheka tena, na yule punda akanitazama bila haya yoyote. Nilitaka kumpiga. Nikajikuta nimemshika shingo. Hata sasa sielewi ile siku mikono yangu ilikuwa ikifanya nini.

Nilimsimulia Mama yote.

“Punda?” akauliza.

“Punda.”

Akasema, “Mjinga yule,” kwa ile sauti aliyokuwa akitumia ukileta wageni bila kumwambia. Akaingia ndani, nikamsikia akilia vizuri kwa mara ya kwanza. Asubuhi akatuma ujumbe kwa Kalekye kwamba aje, hakuna anayedai damu. Alikuja. Waliketi pamoja wakichambua mbaazi. Alipoondoka, Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, akasema, “Ni mtu mzuri,” na baadaye kidogo, “Laiti angekuwa mbaya.”

Mimi bado sijatulia, sitakudanganya. Nilidhani nikijua ilivyokuwa nitalala. Sasa wakati wa kulala swali ni lingine. Ulipomtoa Kalekye ulikuwa umeshafika nchi kavu. Ulikuwa umesimama juu ya ardhi, Baba, hatua chache kutoka kwa koti lako. Ulipogeuka, ulitukumbuka? Au ni ile tabia yako tu ya kutoweza kupita kitu kilichokwama? Mara nakuona mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwajua. Mara nataka kukukamata mabega na kukutikisa. Mambo haya mawili yanakaa ndani yangu pamoja na hakuna linalomfukuza mwenzake.

Mchungaji amekuja. Safari hii aliomba kwa urefu mpaka watoto wakasinzia. Anataka ibada ya kukukumbuka, kanisa zima, na mimi nizungumze kwa niaba ya familia. Alipokuwa akiondoka alinivuta kando. “Mwalimu, tutasema alimwokoa mama. Hayo ya mnyama tuyaache. Watu watacheka.”

Nilimsindikiza hadi njiani. Wale waliosema ulijitupa walikutengenezea baba nisiyemjua. Sasa mchungaji ananiletea mwingine, msafi sana, naye pia simjui.

Lala salama, Baba. Mungu akupe mahali pa mteremko. Mama nitamtunza, na Kalekye atakuwa akija kwetu bila kujificha. Na hili nakuahidi: Jumapili nikisimama mbele yao nitaanza na Kalekye, kisha nitasema punda. Wakicheka, nitasubiri wamalize, halafu nitasema tena punda.

Mwanao,
Kavinya